Modemu ya Harusi, Modemu ya Msiba

Ngamiani, hapa Tanga, barabara zinaitwa kwa namba. Ukiambiwa msiba uko Barabara ya 14, unajua pa kwenda, na hata umeme ukikatika mji mzima kuanzia adhuhuri mpaka isha, ukirudi Barabara ya 14 bado ni ya 14. Haiamki ikajikuta ya 9, wala wakazi wake hawagongi milango ya wenzao kuuliza nani kachukua namba yetu. Waliopima mitaa ile, hata kama walikuwa na kasoro zao, hili walilipatia. Waliotunga kompyuta hawakupita Ngamiani.

Nina duka la steshenari. Tunatoa kopi, tunapiga picha za pasipoti, tunachapa barua za kuomba kazi za watu ambao kazi wanayoitaka ni yoyote. Lakini kinacholipa kodi ya fremu ni meseji. Kamati ya harusi ikishakaa na watu wakatoa ahadi zao, inaniletea orodha kwenye daftari, nami nawakumbusha wahusika: kwa upole mara ya kwanza, na kwa upole wenye meno mara ya tatu. Chama cha kuzikana cha mtaani nacho kina laini yake hapo hapo, ya kutangazia ada, misiba na saa ya maziko. Laini mbili, modemu mbili, kompyuta moja kuukuu yenye Linux. Aliyeiweka hiyo Linux ni mtoto wa kaka yangu, akisema mashine ile haikuwa na nguvu ya kubeba kitu kingine chochote. Watu wengi wa mtaani wamo kote kuwili, kwenye harusi na kwenye chama, na katika simu zao namba ya chama wameihifadhi kwa neno moja tu: Kuzikana.

Kompyuta nayo ina namna yake ya kuhifadhi majina. Kifaa kikichomekwa, kerneli, yaani ile sehemu ya mfumo inayozungumza na vyuma, hukipa jina kwa zamu ya kuonekana. Modemu ya kwanza inaanzia ttyUSB0, na nyingine zinafuatia. Diski vilevile: sda, sdb, sdc, na ukiwa tajiri ukafika sdz, inayofuata ni sdaa. Jina halisemi kifaa kimetengenezwa na nani, kina kazi gani, wala kimechomekwa wapi. Linasema tu nani alipiga hodi kabla ya nani.

Na modemu hizi za kuchomeka zina vituko vya ziada. Kwanza, moja haiji na jina moja. Ndani yake mna milango kadhaa, mmoja wa data, mwingine wa amri, mwingine wa mambo ya kiwandani, kwa hiyo zangu mbili zilikuwa zinajaza majina sita. Pili, modemu ikichomekwa tu, hujitambulisha kuwa ni CD. Kweli kabisa. Watengenezaji waliweka humo programu ya kujisakinisha ili mnunuzi asihangaike na CD yenyewe, basi kifaa kinaanza maisha kwa kudanganya mpaka kitokee wa kukiambia kiache mchezo. Kwenye Linux ipo programu ndogo, usb_modeswitch, ambayo kazi yake ni hiyo tu: tumeshakuelewa, sasa kuwa modemu. Itakayotii mapema inapata namba za mwanzo. Tofauti ni kupepesa jicho, na kila ukiwasha upya mshindi anaweza kuwa mwingine.

Siku yenyewe ilikuwa Jumanne. Umeme ulikatika, ukarudi, ukakatika tena, ukarudi. Kompyuta ikajiwasha, programu ya meseji ikafungua maelekezo yake: harusi ipitie ttyUSB0, chama kipitie ttyUSB3. Ikayafuata kwa uaminifu wote. Modemu ndizo zilizokuwa zimebadilishana majina.

Meseji ya harusi ilikuwa imeandikwa na katibu wa kamati, mtu wa ofisini, asiyependa maneno mengi. “Ndugu, unakumbushwa kukamilisha mchango wako kabla ya Alhamisi. Shughuli ni Jumamosi saa 10 jioni. Tafadhali usikose.” Hamna jina la bibi harusi, hamna ukumbi, hamna rangi ya sare. Ikatua kwenye simu za mtaa mzima, na juu yake pameandikwa Kuzikana.

Wa kwanza kupiga alikuwa mzee mmoja wa Barabara ya 7, ambaye simu yake huongea kwa sauti ya kusikika mpaka nje ya duka.

“Shikamoo babu.”

“Marahaba. Nani?”

“Nani wa nini, babu?”

“Aliyefariki.”

“Hajafariki mtu, babu.”

“Sasa mnachangisha nini?” Akavuta pumzi. “Na mbona mnamweka mpaka Jumamosi? Anangojewa nani, mtoto yuko Ulaya?”

Hilo la Jumamosi ndilo lililowachoma watu. Huku kwetu maiti ya asubuhi huzikwa alasiri. Maiti ya Jumanne inayongoja mwisho wa wiki ni habari inayotaka maelezo, na maelezo yasipopatikana watu huyatengeneza. Kufikia magharibi mtaa ulikuwa na marehemu watatu, wote wazima, mmoja wao akiwa kwenye baraza la kahawa akichangia mjadala wa nani kafa.

Upande wa pili ulikuwa mgumu zaidi. Meseji ya chama ilisema: “Wanachama wote: bei ya sanda imepanda, hivyo ada ya mwezi huu itaongezeka. Tujiandae mapema.” Hiyo ikatoka kwenye namba ambayo watu wanaijua kuwa ya kamati ya harusi, na miongoni mwa wanachama alikuwemo mama mzazi wa bibi harusi. Yeye hakupiga simu. Alikuja mwenyewe, leso kiunoni na leso kichwani, simu mkononi ikiwa bado inawaka, na hakusalimu.

“Tujiandae mapema,” akasoma. Akaniangalia. “Tujiandae na nini, mwanangu? Kwenye harusi ya mtoto wangu, sanda ya nani?”

Nilimpa kiti. Nilimpa soda. Nikaanza kumweleza habari za ttyUSB0, nikaona uso wake, nikaacha.

Mtoto wa kaka yangu alifika usiku. Akasoma meseji zote mbili, akacheka mpaka akaketi chini, kisha akasema kwa ule utulivu wa watu wa kompyuta: “Shangazi, mashine haijakosea. Imeambiwa meseji ya harusi impe wa kwanza. Imempa wa kwanza.” Maelekezo yale aliyaandika yeye mwenyewe, lakini nilinyamaza, kwa sababu fundi mwingine sina na huyu analipwa kwa chapati.

Akanieleza, na mengine nimekuja kuyasoma mwenyewe, kwamba zamani mambo haya yalikuwa na utaratibu. Diski za ile kebo pana, za IDE, ziliitwa hda, hdb, hdc na hdd, na kila jina lilikuwa na mahali pake: hda ni ya kwanza kwenye kebo ya kwanza, hdc ni ya kwanza kwenye kebo ya pili, iwe hdb ipo au haipo. Ukisikia hdc imekufa, unajua mkono unapeleka wapi. Kisha vikaja vifaa vya USB, ambavyo vinaingia na kutoka muda wowote vipendavyo, na diski zenyewe zote zikahamia ukoo wa sd. Palijaribiwa kitu kinachoitwa devfs, ambacho kiliyaacha majina mikononi mwa kerneli. Mwaka 2003 Greg Kroah-Hartman akaja na udev, na hoja yake ilikuwa kwamba kerneli isijishughulishe na sera ya majina hata kidogo. Kerneli itangaze tu kwamba kuna kitu kimeingia, na programu iliyo nje yake, ikifuata kanuni alizoandika mwenye mashine, ndiyo iamue kiitwe nini. Devfs iliondolewa kabisa mwaka 2006, na sijasikia aliyeililia.

Mimi hoja hiyo niliipenda mara moja. Mwenye mashine ndiye mimi, na mimi najua ipi ni ya harusi.

Kanuni yenyewe ni mstari mmoja tu katika faili lililoko /etc/udev/rules.d. Unasema: ukiona kifaa cha aina hii, chenye sifa hii, kiongezee jina hili. Kerneli itaendelea kukiita ttyUSB3 huko kwake, au ttyUSB0, kadiri zamu ilivyomwangukia, lakini pembeni patatokea jina la pili, /dev/msiba, linaloelekeza kwake popote alipoamkia leo. Programu ya meseji tukaiambia iachane na namba, iwe inaulizia /dev/harusi na /dev/msiba. Nilipoyaona majina hayo mawili yamepangana kwenye skrini nyeusi, nilihisi nimepata kompyuta inayozungumza na watu.

Tatizo likawa hiyo “sifa hii”. Kijana akaandika amri ya udevadm, skrini ikajaa maandishi, akawa anashuka nayo kwa kidole. Kila kifaa cha USB kina namba ya mtengenezaji na namba ya bidhaa. Modemu zangu, zilizonunuliwa siku moja, duka moja, kwa punguzo moja, zikatoa namba zile zile. Namba ya pekee ya kila kifaa, ambayo ndiyo ingetenganisha hii na ile, haikuwepo. Vifaa vya bei poa vingi vinaachwa bila hiyo, na vingine vinafanyiwa ubaya zaidi: vinapewa vyote namba moja. Kuna kichipu maarufu cha kuunganishia vifaa vya serial kwenye USB, CP2102, ambacho kikitoka kiwandani kimeandikwa 0001. Anayekinunua akiwa mvivu wa kubadilisha, anauza shehena nzima ya 0001, na kila mmoja wao anaapa kuwa ndiye pekee.

“Basi tutatumia tundu,” kijana akasema.

Kwa njia hiyo modemu haitambulikani kwa sura, inatambulika kwa mahali ilipochomekwa. Iliyo kwenye tundu la juu ni harusi, ya chini ni msiba. Nikakata plasta, nikaandika kwa maka H na M, nikabandika. Wataalamu wenye seva za mamilioni nao mwisho wa siku hubandika plasta. Hilo nimeliona kwa macho yangu kwenye picha zao.

Tukaishi vizuri hadi alipokuja mteja mmoja, dada wa watu, simu yake imebakiwa na asilimia mbili. “Dada, nichajie kidogo tu, nangoja simu ya mume.” Binti anayenisaidia dukani, ambaye moyo wake ni laini kuliko kanuni zangu, akachomoa H, akachomeka chaja, na H akaipachika tundu la nyuma. Kompyuta ikaitazama modemu, ikaona imekaa mahali pasipojulikana, ikakataa kuiita harusi. Programu ya meseji ikasimama na kulalamika kwa herufi nyekundu. Nami nikafurahi. Jina likikosekana kazi inasimama, mtu anakuja kuangalia. Jina likipatikana kwa asiye mwenyewe, kazi inaendelea vizuri kabisa, na ndiyo hapo wazee huanza kuulizia marehemu.

Kompyuta ya wateja ina vituko vya aina yake, na mfumo wake ni ule mwingine, unaoukuta tayari ukinunua kompyuta. Huo diski zake unaziita kwa herufi, na wanafunzi wanaokuja kuandika ripoti za mafunzo huniuliza kwa nini zinaanzia C. A na B zilikuwa za zile disketi za kuchomeka. Disketi zimekufa, herufi zao zikaachwa wazi, na diski kubwa bado imekaa C kwa heshima. Mimi naona ni adabu nzuri. Kinachonitesa ni printa.

Printa yangu nayo haina namba yake ya pekee, kwa hiyo kebo ikihamishwa kutoka tundu moja hadi jingine, mfumo unaamini nimenunua printa mpya. Unaiongeza kwenye orodha: jina lile lile, na mbele yake “Nakala 1”. Kesho binti akifagia, kebo ikahama tena, inazaliwa “Nakala 2”. Ile ya zamani haifutwi. Inabaki kwenye orodha, rangi imefifia, ikipokea kazi za watu na kuziweka foleni kwa subira, ikingoja siku ambayo kebo itarudi kwenye tundu lake.

Karani mmoja wa kampuni fulani ya mizigo alikuja jioni moja, akaandika barua yake mwenyewe kimya kimya, akabonyeza kuprinti. Hakikutoka kitu. Akabonyeza tena. Akakaa, akatafakari, akafuta barua yake kwenye mashine, akasema labda Mungu hajapenda, akaondoka. Hakujua kuwa amebonyeza printa ya zamani.

Wiki kadhaa zikapita. Bosi wake akaja kutoa kopi za vyeti vya binti yake, akiwa na haraka, gari inaunguruma nje. Binti wa dukani, katika kusogeza meza ili mgeni apite, akachomoa kebo na kuirudisha kwenye lile tundu la zamani. Printa ikakohoa. Ikatoka ratiba ya kipindi cha pili ya shule nisiyoijua. Ikatoka nusu ya mwaliko wa maulidi ambayo yalishasomwa. Kisha ikatoka karatasi iliyoelekezwa usoni kwa bosi, kwa sababu kaunta yangu imekaa hivyo, na juu yake kwa herufi kubwa: YAH: KUACHA KAZI.

Ikafuata ya pili, maana alibonyeza mara mbili.

Bosi akazisoma zote mbili, kana kwamba ya pili ingeweza kuwa na mawazo tofauti. Akazikunja. “Na hizi hesabu,” akaniambia, akalipa. Karani yupo kazini mpaka leo. Walichozungumza huko ofisini sikijui, ila siku hizi barua zake anaziandika kwa mkono.

Turudi kwenye Linux, kwa sababu mlango wa modemu ulipofungwa, ukafunguka wa diski. Nilikuwa na diski ya nje ya kuhifadhia picha za sherehe, na kila usiku kompyuta ilikuwa inazinakili kwenda sdb1. Mwalimu mmoja akaacha flashi yake kwenye mashine, akisema ataifuata asubuhi. Usiku umeme ukafanya yake. Mashine ilipoamka, flashi ya mwalimu ilikuwa sdb, na diski yangu imeshushwa cheo kuwa sdc. Saa ya kunakili ilipofika, sendofu nzima ikahamia kwenye flashi, tangu kuingia kwa mashangazi hadi keki, mpaka flashi ikajaa na kukataa.

Mwalimu aliifuata asubuhi kama alivyoahidi, akaenda nayo moja kwa moja kwenye kikao cha wazazi, akaichomeka kwenye projekta ili waone matokeo. Folda la kwanza ndilo alilolifungua. Ninavyosimuliwa, alijitahidi kulifunga, lakini mama mmoja wa mstari wa mbele alinyanyua mkono: “Hebu rudisha nyuma, mwalimu. Yule wa kijani si mimi?” Matokeo yalikuja kusomwa, baadaye.

Kwa diski dawa ipo na ni nzuri kuliko ya modemu. Kila sehemu ya diski inapoandaliwa huandikiwa ndani yake UUID, namba ndefu yenye herufi 32 na vistari vinne katikati. Namba ya kitambulisho cha taifa ina tarakimu 20 na bado naisoma nikiwa na karatasi mkononi. Hii ya diski hakuna binadamu wa kuikariri, wala haikuandikwa kwa ajili ya binadamu. Flashi za kawaida zina fupi zaidi, tarakimu nane na kistari kimoja. Uzuri wake ni kwamba imeandikwa kwenye diski yenyewe. Ihamishe tundu, ihamishe kompyuta, iamke ya kwanza au ya mwisho, namba inakwenda nayo. Kijana akaiandika kwenye faili la fstab mahali palipokuwa na sdb1, na tangu hapo flashi ya mtu haijapelekewa sherehe.

Isipokuwa mara moja, na hiyo haikuwa flashi. Fundi mmoja alinihamishia kila kitu kutoka diski iliyokuwa inakwaruza kwenda diski mpya, akanakili baiti kwa baiti, kazi safi. Alinakili na UUID. Akaniachia zote mbili zimechomekwa, “kwa usalama”. Mashine ikawa na diski mbili zenye kitambulisho kimoja, na kila ikiwaka inachukua mojawapo bila kuniambia ni ipi, hivi kwamba picha za Jumatatu zilionekana Jumatano, na za Jumanne hazikuonekana mpaka Ijumaa. Kuna amri ya kuipa moja namba mpya, inachukua sekunde chache. Kugundua kuwa ndiyo inayohitajika kulichukua muda mrefu zaidi.

Kadi za mtandao sitazisemea sana, nilikutana nazo shuleni kwa rafiki, si dukani. Zamani zilikuwa eth0 na eth1, kwa zamu ile ile ya hodi. Januari 2013 systemd, toleo la 197, ikaleta mtindo wa kuziita kwa mahali zilipokaa kwenye ubao: enp3s0, maana yake kadi ya waya, basi la 3, nafasi ya 0. Jina ni baya kulitamka lakini limetulia. Limetulia hadi mtu atakapoongeza kadi nyingine. Pale shuleni waliongeza kadi ya picha, ubao ukahesabu mabasi yake upya, enp3s0 ikaamka enp4s0, na maabara nzima ikakosa intaneti kwa sababu maelekezo yote yalikuwa yanamngoja yule wa 3. Mtoto wa kaka yangu alimaliza kwa kutumia anwani ya MAC, zile jozi sita zilizochapwa kwenye kadi yenyewe, akaipa jina la “maabara”, tukanywa chai.

Chai hiyo ndiyo iliyotupa jibu la modemu. Nilimuuliza: kama diski inabeba namba yake ndani, na kadi inabeba yake, modemu kweli haina kitu inachokijua kuhusu nafsi yake? Akasema inayo, IMEI, tarakimu 15, ukiituma amri ya AT+CGSN inakutajia. Nikamwambia haifai. IMEI ni ya chuma, na binti wa dukani siku akiona modemu moja imepata moto atahamishia laini kwenye nyingine, na hapo harusi itakuwa imeingia mwili wa msiba. Watu wa Ngamiani hawaijui modemu. Wanachokijua ni namba iliyowaandikia.

Akaniangalia kwa muda, kisha akasema ipo na amri ya AT+CIMI. Hiyo inauliza laini, si chuma, na laini inataja namba yake ya ndani, tarakimu 15 pia, zinazoanza na 640 kwa laini zote za Tanzania. Basi sasa programu ikiwaka haiamini jina, haiamini tundu, haiamini plasta. Inapita mlango kwa mlango, inauliza kila modemu, wewe umebeba laini gani, na hakuna meseji inayotoka mpaka zote mbili zimejibu. Inachelewesha kuwaka kidogo. Umeme ukirudi, nachemsha maji.

Harusi ile ilifanyika, ilipendeza, na mama wa bibi harusi alinitumia sahani ya pilau, kwa hiyo nadhani tumesameheana. Lakini kuna jambo moja lililovuja kutoka kwenye kamati yake. Michango ilikamilika siku ile ile ya Jumanne. Hata wale ambao kwa kawaida hulipa ukumbini, siku ya siku, wakiwa wameshakula, walikuwa wametuma kabla ya isha. Mchango wa msiba mtu halimbikizi.

Juzi akaja katibu wa kamati nyingine kabisa, kijana mtanashati, daftari kwapani. Tukaelewana bei, tukaelewana tarehe. Akageuka kuangalia kama binti yuko karibu, akainama kwenye kaunta.

“Dada, hizi zetu huwezi kuzipitisha kwenye ile laini nyingine? Tutaongeza kidogo.”

Nikamwambia kitaalamu inawezekana, ni kubadilisha neno moja. Akamwombe tu ruhusa mama wa bibi harusi, aniletee kwa maandishi. Hajarudi.